Mkaa Usio na Kwao

Ukisimama gengeni kununua mchele, muuzaji hakuachi uondoke kabla hajakutajia unakotoka. Huu wa Kyela, unanukia. Huu wa Shinyanga, unajaa sufuria. Dagaa nao wana kwao: wa Kigoma, wa Mwanza, wa Mafia, na kila mmoja ana bei yake na watu wake. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Mang'ola vinajulikana hata na watoto wanaotumwa dukani. Hapohapo pembeni, chini ya turubai, kuna rundo la mkaa na kopo la rangi la lita 4, lile tunaloliita sado. Uliza mkaa huo unatoka wapi. Nimeuliza mara nyingi, kwa wauzaji wa mitaa tofauti ya Dar es Salaam. Wengi hujibu "porini". Wengine husema "wa Morogoro," lakini wanachomaanisha ni kwamba mkaa ni mgumu, hauishi haraka na hauna chenga nyingi. Kijiji hakitajwi, msitu hautajwi, na mti uliochomwa hakuna anayejua kama ulikuwa mtondoro, mninga au mkwaju.

Kati ya vitu vyote tunavyonunua kila siku, hiki ndicho kinachoacha alama kubwa ardhini, na ndicho tunachokijua kidogo kuliko vyote. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania inatumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake inateketea Dar es Salaam. Ukubwa wa namba hizo haukunishtua kama jambo jingine lililokuwa ndani ya ripoti ileile: kati ya 2001 na 2007, kaya za jiji hili zinazopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Hicho ni kipindi ambacho simu za mkononi zilikuwa zinaingia kila nyumba na magorofa yanaota Kariakoo kama uyoga. Tulidhani mji ukikua mkaa utaondoka wenyewe. Mji ukakua, na mkaa ukakua nao.

Ninachotaka kusema kuhusu lile kopo ni hiki: mkaa ni rahisi mno pale unapoanzia, na ni ghali mno pale unapoishia. Anayeukata mti hailipii thamani ya mti. Anayenunua kopo analipa kuliko anayenunua gunia. Mambo haya mawili yanaonekana kama yanapingana, ila ni hesabu moja, na mpaka tuisome yote kwa pamoja tutaendelea kuwalaumu watu wasiostahili lawama.

Tuanzie porini. Mchoma mkaa anakata miti kwa shoka, anaipanga magogo juu ya magogo, anaifunika kwa nyasi na majani, kisha kwa udongo, na kuacha tundu la kuwashia. Likishawaka, tanuri halitaki mtu anayelala. Udongo ukipasuka na hewa ikaingia, magogo yanawaka moto wa kweli na kazi yote inageuka majivu, kwa hiyo mchomaji anazunguka usiku na mchana na jembe lake, anaziba nyufa na kusoma moshi. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka kwenye kuni. Ukibadilika kuwa wa bluu na kuanza kuwa mwepesi, mkaa unakaribia. Huchukua wiki moja, au mbili, kutegemea ukubwa wa tanuri. Ni kazi ya joto, kiu na kikohozi, na anayeifanya mara nyingi ni mkulima ambaye mvua imemtupa mkono.

Baada ya taabu yote hiyo, tanuri la udongo la kienyeji humpa mkaa wenye uzito wa kati ya asilimia 10 na 20 tu ya kuni alizoingiza. Yaani gunia la kilo 50 limetokana na kuni za kilo 250 hadi 500. Zilizobaki zimepaa. Sasa tafuta kwenye bei ya gunia hilo mahali palipoandikwa malipo ya mti. Kuna jasho la mchomaji, kuna magunia na kamba, kuna nauli ya lori, kuna faida ya mfanyabiashara wa kati, kuna ushuru wa geti ikiwa lori limepita getini mchana. Mti wenyewe haupo. Sheria inadai leseni na mrabaha, lakini sehemu kubwa ya mkaa hupita njia za panya usiku, na ripoti ile ya 2009 ilikadiria kwamba hazina kuu na halmashauri zilikuwa zinapoteza dola milioni 100 hivi kila mwaka. Bidhaa ambayo malighafi yake ni ya bure haiwezi kushindwa sokoni na bidhaa inayolipia malighafi yake. Anayepanda miti ili aje achome mkaa wa halali anashindana na mtu aliyeukuta mti umeota.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho ukitoka mjini. Watafiti waliopima misitu ya pwani kutokea Dar es Salaam, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba mwaka 1991 uchomaji mkaa ulikuwa umetawala ndani ya kilomita 20 hivi kutoka jijini. Kufikia 2005 ulikuwa umesogea hadi kilomita 50. Ulikuwa unasambaa kama wimbi la jiwe lililotupwa kwenye maji, nasi ndio jiwe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, iliyo karibu kiasi kwamba unakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ililiwa mapema na wimbi hilo licha ya hadhi yake ya kuhifadhiwa. Jiji hili pia linakunywa maji ya Mto Ruvu, unaoanzia katika milima ya Uluguru na kupita katika ukanda huohuo tunaouchoma. Mwishoni mwa 2022, mgawo wa maji ulipobana, tulijadili mvua na mabomba. Mkaa haukutajwa sana.

Hapa lazima niwe mkweli upande wa pili. Mkaa hauli misitu peke yake. Ukifuatilia ramani za misitu iliyotoweka nchini, kinachokuta msitu na kuufuta moja kwa moja ni shamba, zaidi ya tanuri. Msitu wa miombo uliokatwa kwa mkaa, ukiachwa, huchipua tena kwenye visiki. Uliolimwa ufuta au mahindi hauchipui, kwa sababu jembe linarudi kila mwaka. Mara nyingi mkaa ni hatua ya kwanza ya shamba: mtu anafyeka, anachoma magogo, anauza magunia ili apate mtaji wa mbegu. Anayetaka kuokoa msitu kwa kumfukuza mchoma mkaa tu anaweza kujikuta amemfukuza na mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kifedha ya kutaka miti iendelee kuwepo. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa twende mwisho wa safari, kwenye sado. Gunia la lumbesa linafika gengeni, linafunguliwa, linapimwa kopo kwa kopo. Jumlisha bei ya makopo yote yatokayo humo na utakuta imezidi bei ya gunia kwa kiasi cha kumlipa muuzaji siku yake na zaidi. Simlaumu, ndiyo riziki yake, na chenga zinazobaki chini ni hasara yake. Lakini angalia ni nani anayenunua kwa kopo. Mama lishe anayeanza siku na pesa ya mauzo ya jana. Mpangaji wa chumba kimoja ambaye mume wake ni kibarua, analipwa jioni. Huyu hununua mafuta ya kula kwa kipimo, sabuni kwa kipande, na mkaa kwa sado, na kila mara analipa zaidi kwa kila gramu kuliko jirani anayenunua kwa jumla. Ukimwambia gesi inaokoa pesa, anakuelewa vizuri kabisa. Anachokosa ni pesa ya mtungi, jiko na kujaza, zote siku moja. Mtungi ukiisha tarehe 20 na mshahara haupo, sado ipo hatua kumi kutoka mlangoni.

Na ndiye anayevuta hewa yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, utokanao na kupikia kuni, mkaa na nishati nyingine za namna hiyo, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, na hiyo ndiyo hatari yake kwenye chumba kimoja: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi, kuanzia Njombe hadi Limuru, husikika habari ya familia iliyoingiza jiko chumbani ili kupata joto na haikuamka.

Kwa hiyo ninaposikia mahubiri kwamba wananchi waache mkaa kwa sababu wanaharibu mazingira, nauliza yanaelekezwa kwa nani. Mahubiri ya namna hii humpata kwanza mwenye uwezo mdogo wa kuchagua. Serikali zetu nazo zimejaribu njia ya amri. Mapema mwaka 2006 Tanzania ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ikaruka, watu wakaendelea kupika, na baada ya wiki chache tu amri ikalegezwa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Lengo lilikuwa zuri na uchakachuaji ulipungua kweli, ila jiko la mafuta ya taa, lililokuwa kimbilio la mpangaji wa mjini, likawa ghali. Aliyeweka koroboi na stovu yake pembeni hakuhamia kwenye umeme. Kenya nayo ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, kisha Julai 2021 ikarudisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia. Mkono mmoja unafunga msitu, mkono mwingine unamsukuma mpishi kuurudia. Kodi hiyo ilikuja kupunguzwa, na mwaka 2023 ikaondolewa, lakini miaka miwili ni sufuria nyingi.

Nje ya mipaka yetu, kutojua mkaa unakotoka kumekuwa na gharama ya damu. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hupikia makala, kama wanavyouita mkaa kule, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imetoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote barani, iliyoanzishwa mwaka 1925. Makundi yenye silaha yaliyomo msituni yalijifanya mamlaka ya mapato na kutoza kila gunia. Julai 2007 gorila wa milimani wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, na nyama haikuchukuliwa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa mtandao wa biashara ya makala, uliotaka kuwatisha askari wa hifadhi. Mama wa Goma aliyekuwa akichemsha maharage jioni ile hakuwa na njia ya kutofautisha makala ya hifadhi na ya shamba la miti. Na kutoka Somalia, mkaa wa migunga ulipakiwa majahazini Kismayo kwenda nchi za Ghuba, kuchomea nyama na kuwashia shisha, huku al-Shabaab wakichukua chao njiani, hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaupiga marufuku Februari 2012. Hapo mnunuzi hakuwa maskini. Alikuwa amekaa kwenye mkahawa wenye kiyoyozi, na naye hakuuliza.

Kuna mahali palipojaribu kuupa mkaa kwao. Kuanzia mwaka 2012, katika vijiji vya wilaya ya Kilosa kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za Uswisi, walikaa na wanakijiji wakapanga msitu wa kijiji upya. Sehemu ndogo ya msitu ilitengwa kwa mkaa na kugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50. Kipande kinakatwa, cha jirani kinaachwa, kama mraba mweusi na mweupe kwenye ubao wa drafti, na kilichokatwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Miti inakatwa kwa namna ya kuacha kisiki kizima, kwa sababu miombo huchipua kutoka kwenye mizizi yake. Mchomaji analipa ushuru kwa kijiji kwa kila gunia, kwa stakabadhi. Kwa fedha hizo vijiji vilijenga madarasa na kukarabati zahanati, na kulipia doria za msitu wao wenyewe.

Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko makongamano yote. Hapo mti ulipata bei. Kijiji kikapata sababu ya kukataa msitu usigeuzwe shamba la ufuta, na mchomaji akawa na kipande chake na jina lake kwenye daftari. Kasoro iko kwetu mjini: gunia la Kilosa lenye stakabadhi likifika Dar es Salaam linamwagwa kwenye rundo lilelile na gunia lililopita usiku, na linauzwa kwa sado ileile. Kazi yote ya kule haimfikii mnunuzi hata kama yuko tayari kuilipia. Mchele wa Kyela ungefia shambani kama ungeuzwa hivyo.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Hata kabla ya hapo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kama shule za bweni na magereza, zilikuwa zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Hilo naliunga mkono bila kusita, kwa kuwa limeanza na mnunuzi mkubwa. Shule ya bweni ina bajeti, ina mhasibu, inaweza kukopa. Mitungi ya gesi iliyogawiwa kwenye mikutano ya hadhara ni jambo jingine. Mtungi wa kwanza ni zawadi. Wa pili unataka pesa ya kujaza, na nimeona mitungi mingi iliyogeuzwa viti. Gesi hiyo pia tunaiagiza kwa meli. Gesi asilia yetu wenyewe, ya Songosongo, inakwenda kwa bomba kuzalisha umeme na kuendesha viwanda, na nyumba zilizounganishwa nayo ni chache. Kinachonipa matumaini zaidi ni mita zinazofungwa kwenye mtungi ili mtu alipie gesi kwa simu, kidogokidogo, kadiri anavyopika. Hiyo ndiyo sado ya gesi. Anayetaka kumtoa mama lishe kwenye mkaa aanze kwa kuuza kwa kipimo chake.

Umeme nao unastahili kutazamwa upya. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa bei ya juu ya majumbani, uniti ni takriban shilingi 350, na kwa pesa hiyo hakuna muuzaji atakayekupimia hata nusu sado. Shida ni kwamba mteja mdogo kabisa wa TANESCO, shirika letu la umeme, hulipa shilingi 100 kwa uniti iwapo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada inatozwa ile bei ya juu. Nawajua watu wenye majiko ya umeme kabatini wanaoogopa "kutolewa kwenye mia". Wamefanya hesabu yao sawasawa. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 sasa linazalisha, kwa maji ya bonde la Rufiji ambalo afya yake inategemea misitu ya juu kubaki imesimama, na bado muundo wa bei unamwambia maskini kwamba umeme ni wa taa na redio. Uniti chache za kupikia zingeongezwa kwenye kiwango kile, nadhani zingefanya kazi kuliko mabango elfu.

Wanaobaki ni sisi tunaoweza kuchagua, na ndio ninaowaandikia hasa. Nyumbani kwangu kuna mtungi wa kilo 15, na nje ya mlango wa jikoni kuna jiko la mkaa. Chai na mayai ni vya gesi, maharage, makande na nyama ya Jumapili ni vya mkaa, kwa sababu "gesi itaisha." Majirani zangu wengi wanaishi hivyohivyo, na sensa ikipita tutahesabiwa miongoni mwa watu wa gesi. Kila baa ya nyama choma na kila hoteli yenye kuku wa kuchoma inanunua kwa gunia, kwa bei ya jumla, ikiwa na faida ya kutosha kuuliza stakabadhi. Nimeanza kuloweka maharage usiku na kuyapika kwa presha. Gunia letu, lililokuwa linaisha kwa mwezi mmoja na nusu, sasa liko mwezi wa nne.

Wiki iliyopita nilimuuliza tena kijana wa gengeni mkaa wake unatoka wapi. Akacheka, akasema, "Mjomba, wewe kila siku hilo." Kisha akageuka kumuuliza mwenye lori aliyekuwa anashusha magunia. Mwenye lori alikaa kimya kidogo, akamtazama, akataja jina la kijiji ambacho sijawahi kukisikia, halafu akauliza kwa nini tunataka kujua.